Mlango wa Uani: Yaliyomfunza Dada Nivedita katika Shule ya Wasichana ya Bosepara Lane

Meli iliyomshusha Margaret Noble, ambaye baadaye aliitwa Dada Nivedita, katika bandari ya Calcutta, jiji ambalo leo huitwa Kolkata, tarehe 28 Januari 1898, iliitwa Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 30, mwalimu wa watoto wadogo, mzaliwa wa Ayalandi, na alikuja kwa shughuli moja: kufungua shule ya wasichana wa Kihindu. Swami Vivekananda, guru (yaani mwalimu wa kiroho) aliyemwita, alikwenda mwenyewe gatini kumpokea. Lakini shule haikufunguliwa wiki ile wala mwezi ule. Ilifunguliwa tarehe 13 Novemba, miezi tisa na nusu baadaye.

Wengi wanaosimulia habari zake huiruka miezi hiyo, au huitaja kama kipindi cha matembezi ya milimani. Mimi naiona kuwa ndiyo kiini cha kazi yake yote. Nyumba ya Kibengali ya wakati ule, ya watu wenye nafasi kidogo, ilikuwa na pande mbili: upande wa nje ambako wanaume walipokea wageni, na upande wa ndani ambako wanawake waliishi, walipika, walilea na kutawa. Msomaji aliyekulia katika nyumba yenye baraza na ua ataelewa bila kuelezwa sana. Shule za wasichana za wageni zilipiga hodi barazani. Huyu aliingilia uani, na mlango wa uani haufunguliwi kwa barua ya serikali.

Tuanze na alichotoka nacho kwao. Alizaliwa Dungannon, jimbo la Tyrone, tarehe 28 Oktoba 1867. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti, akafariki binti akiwa na miaka kumi. Babu mzaa mama alikuwa mtu wa harakati za uhuru wa Ayalandi, jambo ambalo litarudi mbele ya habari hii. Alisoma Halifax, na alipotimiza miaka 17 alikuwa tayari anafundisha Keswick. Baadaye alifundisha Wrexham, mji wa wachimba makaa, kisha Chester, na hatimaye Wimbledon karibu na London, alikofungua shule yake mwenyewe. Hakuja India kujifunzia ualimu juu ya watoto wa wenzake. Alikuwa na zaidi ya miaka kumi ya darasani.

Ualimu wenyewe ulikuwa wa njia ya Pestalozzi na Froebel, iliyokuwa mpya Uingereza. Pestalozzi alisisitiza kwamba mtoto aanzie kwenye kitu anachokishika na kukijua, ndipo aende kwenye kile asichokijua. Froebel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo Ujerumani mwaka 1837, alipanga vifaa vya kuchezea kwa ngazi, akaviita zawadi. Zawadi ya kwanza ni mipira sita midogo ya sufu, kila mmoja na rangi yake. Ya pili ni tufe, silinda na mchemraba wa mti. Ya tatu ni mchemraba uliogawanywa katika vipande vinane sawasawa, ili mtoto auvunje na kuujenga upya, na mikono yake ijue nusu na robo kabla ya kichwa kuyajua maneno hayo. Naeleza hivi kwa sababu kosa kubwa la waliopeleka njia hii ng'ambo lilikuwa kupeleka sanduku la vifaa na kuiacha kanuni nyumbani. Mpira wa sufu haumfundishi kitu mtoto ambaye hajawahi kuona sufu. Kanuni ni kwamba kifaa kitoke katika maisha ya mtoto. Tutaona Margaret alivyoitumia Bengali, jimbo lenye Calcutta.

Alikutana na Vivekananda Novemba 1895, nyumbani kwa Lady Isabel Margesson, London. Swami alikuwa na umaarufu tangu Bunge la Dini la Chicago la mwaka 1893. Margaret hakumkubali papo hapo. Alikwenda kusikiliza, akabisha, akarudi tena. Aliposema yuko tayari kufanya kazi India, jibu alilopata katika barua ya tarehe 29 Julai 1897 ni mfano mzuri wa namna ya kumwalika mtu wa kujitolea. Swami alimwambia wazi kwamba India inamhitaji, na kwamba kazi hiyo inataka mwanamke, simba jike hasa. Kisha akamhesabia magumu: umaskini asioweza kuufikiria, watu walio nusu uchi, mawazo makali ya tabaka na kujitenga, watu kumkwepa kwa woga au kwa chuki, Wazungu wenzake kumwona amerukwa na akili, joto kali, na kukosa starehe zote za kwao mara atokapo mijini. Akamalizia kwa ahadi kwamba atasimama naye hata akishindwa kazi, hata akiiacha imani yenyewe, kwani meno ya tembo yakishatoka hayarudi ndani. Kila mara napoona shirika linamleta kijana wa kujitolea kwa picha za watoto wanaocheka, naikumbuka barua hii. Aliyeambiwa magumu mapema hakimbii mwezi wa tatu.

Basi ile miezi tisa na nusu. Jambo la kwanza lililofanyika ndani yake lilikuwa mlo. Tarehe 17 Machi 1898 Margaret, pamoja na Wamarekani wawili, Sara Bull na Josephine MacLeod, walipelekwa kwa Sarada Devi, mjane wa Ramakrishna, yule mtakatifu wa Dakshineswar aliyekuwa guru wa Vivekananda. Sarada alikuwa na miaka 44, mwanamke wa kijijini, mjane wa Kibrahmini, asiyejua Kiingereza. Kwa sheria za tabaka, mjane wa namna yake hali na mgeni, wala hagusi chakula alichoshika mgeni. Akifanya hivyo ndugu zake wanaweza kutengwa, wakanyimwa hata wachumba wa binti zao. Sarada alikula nao. Vivekananda mwenyewe alistaajabu. Sarada alimwita Margaret "khuki", neno la Kibengali la kumwita mtoto wa kike mdogo wa nyumbani. Margaret aliandika kwamba siku ile ilikuwa siku ya siku.

Ukitaka kujua kwa nini wazazi wa Bagbazar, mtaa wa shule hiyo, baadaye walimkabidhi mabinti zao mwanamke wa Kizungu, usitafute katika hotuba zake, ingawa alihutubia vizuri. Tafuta katika sahani ile. Kibali cha mwanamke mmoja anayeheshimiwa uani kilipita vibali vyote.

Siku nane baadaye, tarehe 25 Machi, aliwekwa wakfu katika brahmacharya, yaani maisha ya useja na nidhamu ya mwanafunzi wa dini, akapewa jina Nivedita, maana yake aliyetolewa wakfu. Brahmacharya si utawa kamili wa sannyasi. Ni ngazi iliyo chini yake. Mara nyingi huandikwa kwamba aligeuzwa kuwa mtawa siku hiyo, na si sahihi.

Hapa pakatokea jambo linalostahili kukaliwa kitako. Muda mfupi baada ya kuwekwa wakfu, Swami alimuuliza sasa yeye ni wa taifa gani. Nivedita akajibu kwa kuonyesha uaminifu kamili kwa bendera ya Uingereza. Swami alishtuka, kwa kuwa aliona kwamba jina limebadilika lakini jicho halijabadilika. Safari ya Almora, milimani, iliyofuata, Mei na Juni 1898, ilikuwa kazi ya kulibadilisha jicho hilo, na haikuwa ya upole. Kila alipopima jambo la Kihindi kwa mizani ya Kiingereza alikatizwa. Aliumia, akadhani guru wake amemchukia, na mambo yakafikia mahali wenzake wakalazimika kuingilia kati ndipo wakapatana. Wakati huohuo Swami Swarupananda alikuwa akimfundisha Kibengali na maandiko. Agizo alilopewa lilikuwa zito: aufanye wa Kihindu si mwili tu bali mawazo, mahitaji na mazoea yake, asahau yaliyopita na awafanye wengine wayasahau.

Kwa mtu wa leo agizo hilo linatisha, na sidhani kila mwalimu mgeni analihitaji kwa kiwango kile. Lakini sehemu moja yake haina mbadala. Mwalimu anayemfundisha msichana huku moyoni akimhurumia kwa kuzaliwa alikozaliwa, msichana atalijua hilo ndani ya wiki moja, na mama yake atalijua siku ileile. Huruma ya namna hiyo ndiyo iliyozifanya shule nyingi za wageni zibaki na watoto wa wasio na pa kwenda.

Mwanzoni mwa Novemba, baada ya kurudi kutoka Kashmir, Nivedita aliingia Bagbazar, kaskazini mwa jiji, mtaa wa Wahindu washika mila. Hakukaa hotelini wala mtaa wa Wazungu. Kwa siku chache aliishi katika nyumba ya Sarada Devi, 10/2 Bosepara Lane, pamoja na wajane wengine, akilala sakafuni juu ya mkeka kama wao. Hakuondoka kwa kuchoka. Aliondoka alipogundua kwamba kukaa kwake kunawaletea wenyeji wake taabu kwa jamaa zao vijijini, akahamia namba 16 ya kichochoro kilekile. Hatua hii ndogo inafundisha sana: ukaribu una mpaka, na gharama ya ukaribu mara nyingi hulipwa na mwenyeji huku mgeni akisifiwa kwa unyenyekevu. Namba 16 ilikuwa karibu kiasi cha kuonwa kila siku, na mbali kiasi cha kutomchafulia mtu jina.

Ugumu wa kupata wanafunzi ulikuwa na sababu zinazohesabika. Ndoa ilikuwa ya kwanza: sheria ya mwaka 1891 ndiyo iliyopandisha umri wa kuingiliwa kwa msichana, hata aliyeolewa, kutoka miaka 10 hadi 12, na ilipingwa vikali Bengali. Maana yake msichana aliyeanza shule na miaka 6 alikuwa na miaka minne au mitano tu kabla ya kuondolewa. Kutawa kukafuata. Binti wa heshima hakutembea barabarani peke yake, kwa hiyo shule isiyo na mtumishi wa kike wa kuwapitia watoto, au gari la farasi lililofungwa pazia, ni shule tupu hata ikiwa nyumba ya tatu kutoka kwao. Juu ya hayo kulikuwa na hofu kwamba shule ni mtego wa kubatiza watoto, hofu isiyokosa msingi, maana wamisionari walikuwa wakiingia majumbani kufundisha kwa nia hiyo.

Shule za wasichana zilikuwapo. Shule ya Bethune ilianza 1849, na Ishwar Chandra Vidyasagar alifungua shule 35 za wasichana vijijini mnamo 1857 na 1858, nyingi zikakosa ruzuku ya serikali. Mwaka 1893 mama mmoja wa dini aliyeitwa Mataji Tapaswini alianzisha Mahakali Pathshala, iliyofundisha wasichana ibada na maandiko kwa njia ya jadi. Nivedita alitaka kusimama katikati ya hizo mbili: njia mpya za kufundisha, lakini dini na desturi za nyumbani zikiwa ndizo udongo wa somo. Hapakuwa na aliyemfundisha namna ya kufanya hivyo.

Wanafunzi walipatikana hivi. Jioni ya tarehe 12 Novemba wanaume wenye nyumba wa mtaa ule, wafuasi wa Ramakrishna, walikutana nyumbani kwa Balaram Bose kusikia mpango. Walisifu sana, hakuna aliyetoa binti. Vivekananda, aliyekuwa amekaa nyuma yao, alianza kuwasukuma na kuwanong'oneza wasimame, kisha akasimama yeye na kutangaza kwamba bwana fulani anamtoa binti yake. Nivedita alifurahi kama mtoto. Kesho yake, siku ya Kali Puja, sikukuu ya mungu wa kike Kali, Sarada Devi alifanya ibada ya ufunguzi na kuomba baraka za Mama Mungu kwa shule na kwa wasichana watakaofunzwa humo. Siku iliteuliwa kwa makusudi. Mtaa mzima ulikuwa katika sikukuu, wanawake wakajua kwamba nyumba ile imebarikiwa na nani, na habari ilipita uani kwa uani bila tangazo.

Sasa darasani. Mpango alioupanga Nivedita uliweka lugha ya Kibengali na fasihi yake kwanza, Kiingereza, hesabu za msingi, sayansi kidogo lakini kwa kina, na kazi za mikono za kumwezesha kila mwanafunzi kujipatia riziki bila kutoka nyumbani kwake. Sharti hilo la mwisho wengine hulilaumu kuwa la kuridhia kifungo. Mimi naona lilikuwa hesabu ya mtu mwenye macho. Mjane wa miaka 14, ambaye sheria ya 1856 ilimruhusu kuolewa tena lakini jamii haikumruhusu, alikula kwa hisani ya shemeji. Fedha yake mwenyewe, hata iwe ndogo, ilibadilisha namna alivyosemeshwa jikoni.

Zawadi za Froebel zilipata mbadala. Wasichana wa Kibengali walikuwa na alpana, michoro ya sakafuni inayochorwa siku za ibada. Mchele hulowekwa, husagwa mpaka uwe uji mwepesi mweupe, kisha kitambaa kidogo huchovywa, hushikwa kiganjani, na uji huachiwa utiririke kwenye kidole kinachochora. Uji ukiwa mzito, mstari hukatika. Ukiwa mwepesi kupita kiasi, hutawanyika. Ndani ya ua moja la yungiyungi mna duara, mgawanyo wa duara kwa nne na kwa nane, pande mbili zinazolingana, na mkono unaojifunza kutotetemeka. Yote ambayo mchemraba wa vipande vinane unafundisha yamo, tena mama yake anaweza kumsahihisha, na hapo shule inapata mwalimu msaidizi wa bure. Nivedita aliithamini michoro hiyo, akaionyesha kwa wageni wake kama sanaa. Udongo wa mfinyanzi ulikuwapo pia, kwa kuwa mabinti walizoea kufinyanga sanamu ndogo za ibada ya Shiva. Kwa kuhesabia, mwalimu wa njia hii hahitaji shanga za kuagiza. Mbegu za ukwaju zilizooshwa na kukaushwa, mia moja katika kikapu, zinatosha makumi na mamoja.

Linaloharibu hapa ni haraka ya kuacha kitu na kukimbilia tarakimu. Mtoto aliyekariri kwamba nane gawa kwa mbili ni nne, bila kuzitenga mbegu, atasema hivyo vizuri mbele ya mgeni na kukwama atakapogawa samaki nyumbani. Nivedita alijua hivyo, na ndiyo sababu aliweka kumbukumbu za kila msichana peke yake: mahudhurio, tabia, wepesi wa mkono, anachokipenda. Darasa la watoto wa umri uliochanganyika halifundishiki bila daftari la namna hiyo.

Historia alifundisha kwa moto. Inasimuliwa na mwanamke aliyefahamu shule ile kwamba siku moja aliwauliza wasichana malkia wa India ni nani, wakajibu kwa sauti moja malkia wa Uingereza. Alisononeka, akawaambia malkia wao ni Sita, yule mke wa Rama katika utenzi wa Ramayana. Ukumbuke huyu ndiye aliyeapa kwa bendera ya Uingereza mwaka 1898. Kibengali chake hakikuacha kuwa na lafudhi ya mgeni, wasichana walimzoea.

Shule hiyo ya kwanza haikuishi. Haikutoza ada, na haikuweza kutoza, kwa sababu mzazi anayesitasita hupewa sababu ya kukataa ukimtajia hata senti. Lakini kodi ya nyumba, mtumishi wa kuwapitia watoto na vifaa vilitaka fedha kila mwezi, nayo ilitegemea zawadi za marafiki wachache wa ng'ambo. Katikati ya hayo ikaja tauni. Tarehe 31 Machi 1899 Misheni ya Ramakrishna, shirika alilolianzisha Vivekananda, ilianza kazi ya usafi na tiba mtaani, Nivedita akiwa katibu. Alishika ufagio mwenyewe kichochoroni mpaka vijana wa mtaa wakaona haya wakaja kusaidia, na daktari mmoja alimkuta kibandani amempakata mtoto mgonjwa wa tauni. Mtaa haukulisahau hilo. Hata hivyo sifa hailipi kodi. Juni 20, 1899 alipanda meli pamoja na Vivekananda kwenda Magharibi kuchangisha, na darasa likafungwa. Lilikuwa limedumu kama miezi saba.

Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa kutotoza ada. Lilikuwa kuanza bila akiba na bila mtu wa pili. Mwalimu mkuu alipokuwa ndiye mchangishaji, kila shilingi iliyotafutwa ilifunga darasa. Kule Marekani alichapisha mpango mkubwa zaidi: nyumba na kiwanja kando ya Ganges, wajane ishirini na yatima wa kike ishirini, wote chini ya uongozi wa Sarada Devi. Nyumba hiyo haikujengwa. Alirudi na kiasi cha kuanzia tena pale pale kichochoroni, na naona ilikuwa heri, maana nyumba ya kando ya mto ingewatoa wasichana uani kabla ua haujawa tayari.

Shule ilifunguliwa upya mapema mwaka 1902, siku ya Saraswati Puja, siku ambayo vitabu na kalamu huwekwa mbele ya mungu wa kike wa elimu na watoto wadogo huandikishwa herufi yao ya kwanza. Safari hii alikuwapo mtu wa pili. Christine Greenstidel, mzaliwa wa Ujerumani na mwalimu wa shule za Detroit, alifika India 1902 na kuingia shuleni mwaka uliofuata. Alikuwa mtulivu, mtu wa ratiba, asiyependa jukwaa. Bila yeye shule ingekufa mara ya pili, kwani Nivedita alikuwa akizunguka kuhutubia Bombay, Nagpur na Madras.

Novemba 1903 wakaongeza kitu kilichobadilisha mambo: darasa la akina mama. Wake na wajane wanaotawa walipitiwa majumbani, wakafundishwa kusoma, kushona na kusikiliza maandiko. Wakati wa darasa la namna hii hauchaguliwi na mwalimu. Asubuhi ni ibada na jiko. Jioni waume wanarudi. Upo mwanya baada ya chakula cha mchana, vyombo vikishaoshwa, na ndio huo tu. Kushona kulifundishwa na Christine, na kulikuwa na faida mbili: mama alikuwa na kisingizio cha heshima cha kutoka, na alirudi na kitu mkononi cha kumwonyesha mkwewe. Kusoma kulikwenda polepole chini ya kivuli cha sindano. Na mama aliyeanza kusoma hakumtoa binti yake shuleni kwa wepesi uleule.

Vivekananda alifariki tarehe 4 Julai 1902, na hapo ukaja uamuzi mgumu. Damu ya babu wa Ayalandi ilikuwa imeamka. Nivedita alikuwa akisogea kwenye siasa za kudai uhuru. Kanuni za Misheni zilikataza siasa. Ndani ya wiki mbili alijitoa rasmi katika shirika na jambo hilo likatangazwa magazetini, ili serikali isipate sababu ya kuwaandama watawa kwa ajili yake. Hakutengana nao kwa moyo. Aliendelea kutia sahihi kama Nivedita wa Ramakrishna-Vivekananda, na Sarada Devi alibaki mama yake. Shuleni wasichana waliimba Vande Mataram, wimbo wa kizalendo, wakasokota uzi, wakatarizi bendera aliyoibuni yenye alama ya vajra, radi ya Indra, iliyoonyeshwa katika maonyesho ya chama cha Kongresi, Calcutta, 1906.

Je, alikosea mahali? Ndiyo, na kumpenda hakunizuii kulisema. Katika kuitetea India mbele ya Wazungu alipaka rangi nzuri baadhi ya desturi zilizowaumiza wasichana walewale aliowafundisha. Kitabu chake cha 1904 juu ya maisha ya India kilishangiliwa na kulaumiwa kwa sababu hiyohiyo. Alikuwa mkali katika ubishi. Mshairi Rabindranath Tagore, aliyemwomba amfundishe binti yake kwa Kiingereza akakataliwa kwa hoja kwamba elimu ya kupakazwa kutoka nje haina maana, alikiri ugumu wa kufanya naye kazi, na bado alimwita Lokmata, mama wa watu.

Tena hakujua kupumzika. Mwaka 1905 aliugua vibaya sana. Mwaka 1906 alikwenda Bengali ya Mashariki wakati wa mafuriko na njaa, akarudi na malaria. Alihariri kazi za mwanasayansi Jagadish Chandra Bose, akaandika magazetini kupata fedha za shule, akala kidogo. Alifariki Darjeeling tarehe 13 Oktoba 1911, kwa kuhara damu, akiwa na miaka 43. Wosia wake ulikabidhi alichokuwa nacho kwa wadhamini wa Belur Math, makao ya watawa wa Ramakrishna, kitumike kwa elimu ya wanawake wa India.

Shule haikufungwa siku hiyo, wala Christine alipoondoka baadaye. Sababu ilikuwa binti mmoja wa Kibengali, Sudhira Basu, aliyeingia kufundisha miaka michache kabla ya Nivedita kufariki na kuachiwa madaraka kidogo kidogo wageni wakiwa bado wapo. Sudhira aliweza yale wasiyoyaweza wao: kuketi na shangazi wa msichana, kusikia kisichosemwa, na kusema hapana kwa maneno yasiyovunja udugu.

Kati ya wanafunzi wa shule hiyo alikuwamo msichana aliyeitwa Parul, aliyezaliwa 1894 na kuozwa akiwa mtoto. Hakutaka kwenda kwa mume. Sudhira alimsaidia kutoroka, akasomea uuguzi kwa jina la Sarala, na akamuuguza Sarada Devi mpaka mwisho wa uhai wake mwaka 1920. Mwaka 1954, shirika la watawa wa kike lililopewa jina la Sarada lilipoanzishwa kando ya Ganges, ambalo baadaye liliongozwa na wanawake wenyewe bila kuwa chini ya watawa wa kiume, Sarala ndiye aliyewekwa kuwa mkuu wake wa kwanza, na baadaye akaitwa Pravrajika Bharatiprana. Mwaka 1963 shule ya Bosepara Lane ikakabidhiwa kwa wanawake hao. Bado inafundisha wasichana wa Bagbazar.